Sifa za Barakoa ya Getini

Kila kitu cha maana katika nchi hii kimeshapata msifiaji. Ng'ombe amesifiwa mpaka basi, hasa huku kwetu Genkuru, ambako mtu husahau jina la shemeji yake lakini hasahau baka la fahali aliyemtoa mahari. Dhahabu nayo ina wasifiaji wake, na wengi wao hawakai karibu nayo. Hata kikombe cha Babu wa Loliondo, mwaka 2011, kilisifiwa na vigogo waliopanga foleni ya magari kwenda kukinywa kwa shilingi 500. Barakoa peke yake ndiyo imebaki yatima. Ilitukaba pua, ikatuchubua masikio, ikatia ukungu miwani ya wazee, kisha tukaitupa mtaroni bila hata asante. Nimeona nijitolee kuisemea, kwa kuwa nimeteseka nayo vya kutosha, na anayesifu kitu asichokijua ni mpambe tu.

Sifa ndogondogo tuzimalize upesi. Barakoa humrudishia mlevi pumzi yake mwenyewe, akapata kujua mkewe anavumilia nini. Humficha mdaiwa siku ya mnada. Huziba pengo. Na sisi Wakurya, ambao salamu yetu ya kawaida husikika boma la tatu na mgeni akadhani tunagombana, ilitupunguza sauti tukaonekana watu wapole. Kuna waliooa na kuolewa katika kipindi cha corona kwa sababu hiyo tu, na sasa wanajua.

Ipo pia sifa ya kidiplomasia. Aprili 2020 Kenya ilitangaza kwamba asiyevaa barakoa hadharani angeweza kutozwa shilingi 20,000 za kwao au kufungwa miezi sita. Upande wetu, takwimu za mwisho za corona zilitolewa tarehe 29 ya mwezi huohuo: wagonjwa 509, vifo 21. Siku chache baadaye tukaambiwa kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipopelekwa maabara zilirudi na corona, na hesabu ikaishia hapo. Tukabaki na sala na kupiga nyungu. Basi pale Sirari, pua ileile ilikuwa raia mwema upande huu na mhalifu hatua chache mbele, Isebania. Wajuzi wa njia za panya waliivaa barakoa wakifika ng'ambo na kuivua wakirudi. Hakuna pasipoti iliyowahi kupatikana kwa bei ya barakoa, tena bila kuombwa cheti cha kuzaliwa.

Lakini hayo yote ni madogo. Sifa kuu ya barakoa, ile ambayo wanahistoria wataichelewa kama kawaida yao, ni kwamba ilifanikisha Ujamaa.

Nasema hili kwa uzito wote. Mwalimu, mtoto wa Butiama, jirani yetu kabisa, alituletea Azimio la Arusha Februari 1967. Miaka ya 1970 watu wakahamishwa, wengine kwa hiari na wengine kwa lori, wakae pamoja na walime pamoja. Shamba la kijiji likaota magugu huku la nyumbani likistawi. Wasomi wameandika vitabu vinene kueleza kwa nini jambo lile halikuwezekana. Tatizo lao ni moja: hawakufika kwenye geti la bandari moja ya Ziwa Victoria mwaka 2021.

Upepo ulikuwa umegeuka. Rais mpya, mwongozo mpya: abiria wavae barakoa, vyombo vya usafiri vipakie level siti, na tarehe 28 Julai chanjo ikazinduliwa Ikulu. Pale getini askari alikuwa na kazi moja, kutazama pua. Hatua chache kabla ya kumfikia, kijana alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, na mkononi ana barakoa ya bluu. Moja.

"Shikamoo mzee. Mia mbili tu. Ukishapita unanirudishia pale kwenye wavu."

Niliitazama. Upande wa ndani ulikuwa na alama ya rangi ya mdomo ya dada aliyenitangulia. Kamba moja ilishakatika, ikapigwa fundo. Waya wa puani ulikuwa umekunjwa na pua nyingi kiasi kwamba haukuwa na umbo la pua yoyote. Nyuma yangu mama mwenye mkungu wa ndizi akanisukuma kidogo: "Baba, vaa twende, na mimi naisubiri hiyohiyo." Nikavaa. Ilikuwa bado ya moto.

Askari akanipungia mkono nipite. Nikaivua, nikaipenyeza kwenye wavu, ikamfikia mama. Mama akamwachia mwalimu wa shule. Mwalimu akamwachia mpiga debe. Tajiri mwenye begi la magurudumu aliivaa baada ya mchuuzi wa dagaa, pua kwa pua, bila ubaguzi wa kabila, dini wala kipato. Hebu niambieni ni shamba gani la kijiji liliwahi kufika hapo. Mali ilikuwa moja na watumiaji wote. Kila mtu alichangia kadiri ya uwezo wake: mwenye mafua alitoa mafua, mwenye kikohozi alitoa kikohozi. Na kila mtu alipokea kadiri ya nafasi yake kwenye foleni. Mtu wa mwisho alirithi jasho la taifa zima.

Hata masharti ya uongozi yalitimia, karibu yote. Azimio lilimkataza kiongozi kumiliki hisa, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Barakoa ile haikuwa na hisa wala mshahara hata mmoja. Kupangishwa, kweli ilipangishwa, lakini haikuwa nyumba, na mwenye mali hakuwa kiongozi. Viongozi walikuwa ndani ya geti.

Sherehe hii ingeendelea vizuri kama nisingepanda ile meli.

Maana kupita geti, hakuna aliyeuliza tena habari ya pua. Daraja la tatu tulikaa goti kwa goti, mtoto wa mtu kalalia mguu wangu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi ya usiku. Kwenye bomba la kunawia palibandikwa tangazo zuri la rangi linalofundisha kunawa mikono, hatua kwa hatua, na bombani hapakuwa na tone la maji. Mwongozo wa level siti ulitekelezwa nusu: wote tulikuwa level, sakafuni, siti ndizo hazikuwepo. Nilipomuuliza mhudumu kama idadi hii inaruhusiwa, alinijibu kwa upole kwamba nivae barakoa yangu. Barakoa yangu ilikuwa imebaki nchi kavu, kazini.

Hapo ndipo sifa zinaponikwama kooni.

Barakoa yenyewe haina kosa, na tusiisingizie. Mwaka 1910 tauni ya mapafu ilipoingia Manchuria, daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, alisema ugonjwa ule unapita hewani kutoka mtu hadi mtu, akaagiza watu wafunike pua na mdomo kwa barakoa za shashi na pamba. Daktari wa Kifaransa, Gérald Mesny, alimpuuza kijana yule wa Kichina, akaingia wodini uso wazi. Januari 1911 tauni ilimuua. Lakini Wu hakuishia kwenye kitambaa. Alitenga wagonjwa, safari za reli zikadhibitiwa, na maiti zilizoganda kwenye barafu zikachomwa kwa ruhusa ya mfalme. Kitambaa kilikuwa sehemu moja ya kazi kubwa.

Getini kwetu kitambaa ndicho kilikuwa kazi yote, na sababu haihitaji shahada. Barakoa ilivaliwa na abiria, kwa hela ya abiria, kwenye pua ya abiria. Kupunguza abiria ni juu ya mwenye meli, na kila anayebaki gatini ni nauli iliyopotea. Maji ya bomba ni juu ya ofisi fulani, na ofisi hiyo ina kikao. Katika kazi hizo tatu, mkubwa ataikazania ipi? Ataikazania ile inayofanywa na mwingine, kisha ataipiga picha.

Na ziwa hili lina kumbukumbu. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa imeidhinishwa kubeba abiria 430. Waliokufa wanatajwa kuwa karibu 900. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 100 hivi, na waliokufa walizidi 220. Safari zote mbili zilikuwa na mahali pa kuingilia, na pale pa kuingilia palikuwa na mtu. Lakini idadi ya waliopanda kivuko cha Ukara tulianza kuijua kwa kuhesabu maiti.

Msidhani huu ni ushamba wetu peke yetu. Februari 2020 meli ya kitalii Diamond Princess iliwekwa karantini bandarini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Abiria walifungiwa vyumbani mwao. Wafanyakazi wakavishwa barakoa na glavu, wakawapelekea chakula mlango kwa mlango, kisha wakarudi chini kulala chumba kimoja na wenzao na kula pamoja ukumbini. Baadhi ya watu walikuwa wameshaambukizwa kabla ya milango kufungwa. Mpaka mwisho walioipata corona walifika 712. Ukiwa juu ulikuwa mgeni, ukiwa chini ulikuwa barakoa inayotembea. Na ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaozisumbua meli hizo za matajiri, wa virusi vya noro, hupitia zaidi mikononi na kwenye chakula. Kitambaa cha puani hauna habari nacho. Ndugu yake wa ziwani kwetu ni kipindupindu. Huyo naye anataka choo, sabuni na maji safi, yaani vitu vyote visivyoweza kukodishwa getini kwa mia mbili.

Mkitaka kuona barakoa inahitajika wapi hasa, njooni huku kwetu kwenye karasha. Kijana wa miaka 20 anasaga mawe ya dhahabu kutwa nzima, kajifunga fulana usoni, vumbi limemganda kwenye kope na nywele hadi unataka kumwamkia. Vumbi la mawe lile hutafuna mapafu na kumkaribisha kifua kikuu. Pale ingefaa barakoa ya uhakika, ile nzito inayochuja vumbi, na bei yake si ya kijana yule. Hakuna aliyewahi kumdai. Karasha haina geti, haina askari, haina mgeni rasmi wa kukata utepe. Mapafu ya pale yako huru kabisa, mura, hakuna anayeyasumbua.

Kwa hiyo nafunga sifa zangu kwa mapendekezo. Kwanza, ile barakoa ya bluu itafutwe, na ikipatikana ipewe nishani ya utumishi uliotukuka, kwa kuwa ilibeba peke yake mzigo wa mamlaka nne au tano bila posho ya safari. Itavishwa kwa uangalifu, kwa koleo.

Pili, yule kijana wa ndoo aajiriwe bandarini mara moja, tena apewe cheo. Sisemi kwa mzaha. Alijua kwa mia mbili mbili ni watu wangapi waliopita kwa barakoa yake, na waliokuja na zao aliwahesabu pia, kwa uchungu wa biashara iliyompita. Pale bandarini alikuwa mtu pekee aliyekuwa akihesabu abiria. Meli ile ingezama usiku ule, Serikali ingelazimika kumuuliza yeye tulikuwa wangapi.