Sifa za Daraja Bovu

Watu wa hekima wamemsifu simba, wamelisifu jahazi, wamezisifu fedha na hata kahawa, wala sijapata kumsikia hata mmoja aliyelitaja kwa taadhima daraja bovu la mbao. Na kwa kuwa deni la shukrani halipendezi kulazwa, nimeona ni faradhi juu yangu kulitolea sifa zake daraja letu la Myanga, Bungoma, lililotandazwa juu ya kijito kinachopasua shamba la ukoo wetu, magogo mawili ya mkaratusi chini na mbao za kukingama juu, ambalo tangu nipate akili sijaliona likiwa zima.

Fadhila yake ya kwanza ni uadilifu. Mzee mwenye bakora hupita, mtoto wa shule hupita, ng'ombe hupita huku akisitasita, lakini trekta la miwa halipiti, wala gari la mwanasiasa halipiti. Kila mwaka wa uchaguzi mheshimiwa hufika mpaka ukingoni, akalitazama, akaahidi saruji na vyuma, kisha akageuza gari kabla hajatuhutubia robo saa. Na kwa hisani hiyo pekee daraja lingestahili kulipwa pensheni. Mdai naye, hasa yule mwenye duka aliyetukopesha mbolea, husimama ng'ambo akaita kwa sauti, na mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ana haki yake ya kutosikia.

Wako wanaolibeza, wakidai kwamba daraja la zege ndilo daraja. Hao nawakumbusha daraja la Sigiri, kule Budalang'i katika Busia, juu ya mto uleule wa Nzoia unaopokea maji ya vijito vya Bungoma: liligharimu zaidi ya shilingi bilioni moja, Rais akalikagua Juni 2017, na tarehe 26 ya mwezi huohuo, kabla halijakamilika, likaporomoka na kujeruhi mafundi. Daraja letu halijapata kumlaghai mtu namna hiyo. Huanza kulia majuma mengi kabla ya kuvunjika, na anayetumbukia ametumbukia baada ya kuonywa.

Lakini utukufu wake hasa hudhihirika Machi, mvua za masika zinapokaribia na siku ya kulifufua ikawadia. Fundi huanza kwa kuchoma gogo kwa ncha ya kisu, penye mwisho wake ulioegemea udongo, kwani kuoza hakuanzii katikati ambako jua na upepo hupita, bali pale maji yanapotuama: chini ya ubao, ndani ya tundu la msumari, na ukingoni penye tope. Kisu kikigota, gogo lina umri bado. Kikizama mpaka mpini, ndani mna unga mtupu na mchwa, ilhali ganda la nje limesimama kwa staha yake yote kama tajiri aliyefilisika. Hapo huletwa mkaratusi mpya, ukabanduliwa gome, ukapakwa oili chafu ya gari, nayo misumari ya inchi sita haipigwi mpaka keekee itangulie, maana mti huo ukikauka hupasuka kwa ghadhabu. Wazee husema mvule ungelidumu, na ni kweli kwamba kiini cha mvule humkaidi mchwa, hata mafundi wa pwani wakauchagua kwa milango na vyombo vya bahari. Ila mivule iliyobaki kijijini inahesabika, na wenyewe huitajia bei ya ng'ombe, si ya shilingi. Yuko hata aliyeninong'oneza sokoni habari za mataruma ya chuma ya reli, ile ipitayo hapa Myanga kwenda Malaba, iliyofika Kampala mwaka wa 1931. Nikamjibu kwamba daraja letu ni bovu, si jizi.

Kazi hiyo ina baraka nyingine. Nimewaona ndugu wawili, wasioamkiana kwa sababu ya mpaka wa shamba, wakishika ncha mbili za gogo moja, kwa kuwa daraja liko juu ya mpaka wenyewe na kila mmoja analihitaji. Maneno waliyosemezana yalikuwa mawili, "inua" na "shusha", nayo ndiyo mazungumzo yao marefu tangu walipomzika baba yao.

Sina budi pia kumtetea mchwa, mshitakiwa wa daima. Hula magogo yetu mwaka mzima, usiku na mchana, bila kuomba ruhusa. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, watoto wake wenye mabawa huruka kutoka vichuguuni, nasi watu wa Bungoma tunawangojea hao kumbikumbi, chiswa kwa Kibukusu, kwa hamu kuliko tunavyowangojea wajomba. Hata mvua ikichelewa, tunafunika kichuguu kwa blanketi, tukagonga vijiti juu yake tukiigiza matone, mpaka wao, kwa wepesi wao wa kuamini, watoke. Kisha hukaangwa bila mafuta, kwa sababu mafuta wanayo wenyewe, wakatiwa chumvi. Ukiifuata hesabu hiyo mpaka mwisho, utaona kwamba daraja halikupotea hata chembe: lilipitia kwa mchwa, likaturudia sahanini. Nionyesheni zege linaloliwa na ugali!

Kwa msimu huu limekwisha kutengenezwa, isipokuwa ubao wa nne kutoka upande wa sokoni, ambao bado unangoja misumari. Basi anayekuja kwetu kabla ya mwisho wa Mei, na ashuke kwenye pikipiki, aikokote, akanyage palipo na gogo, wala asikanyage katikati. Na ikiwa amekuja kudai, aite kutoka ng'ambo.