Baridi Tunayo, Tunataka Kimya

Mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam anaamini Tanzania nzima ina joto la Mbagala. Akinipigia simu, shikamoo haijaisha vizuri swali limeshafika: "Mjomba, kadi ya grafiki inasoma digrii ngapi?" Namwambia, mwanangu, hapa Tukuyu mwezi wa sita tunalala na soksi. Kompyuta ikichemka tunaisogelea.

Hasikii. Mimi nahariri video za harusi na send-off, na kazi inanoga usiku, nikiiacha kadi ichakate mkanda mrefu ambao nusu yake ni mashangazi wanaomziba bwana harusi. Joto halijawahi kunisumbua. Kinachonisumbua ni kelele. Feni lililokuja na kadi kutoka kiwandani ni moja, dogo, limefungiwa ndani ya ganda la plastiki. Linavuta hewa na kuitoa kwa nyuma. Likishika kasi linalia kama mashine ya kukoboa mpunga, na hapo ndipo natakiwa nisikilize kama kiapo cha bibi harusi kimesikika.

Wenzetu wa kadi kubwa nao wameyaona. Mwaka 2003 NVIDIA walitoa GeForce FX 5800 Ultra, feni lake likapiga kelele mpaka kampuni yenyewe ikatengeneza video ya kujicheka, kadi imegeuzwa mashine ya kupeperushia majani. Mwaka 2013 AMD wakaja na R9 290X na feni lake la kiwandani, wakasema digrii 95 ni hali ya kawaida kabisa. Digrii 95! Kwetu huku, zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari, hayo ndiyo maji ya chai.

Basi mpwa akaniandama mpaka nikaagiza feni la pembeni: mapanga matatu, bamba nene la alumini, mirija ya shaba. Likapandishwa basi Dar. Kondakta akasahau kulishusha Tukuyu, likapitiliza mpaka Kyela, likashinda huko kwenye joto la ziwa, mahali ambapo kwa haki ndipo lilipostahili kufanya kazi. Lilipofika nyumbani, mama watoto aliliangalia akauliza kitu kimoja tu: "Hilo nalo linapikia nini?"

Sikatai, linapooza. Kazi ileile, chumba kilekile, dirisha limefungwa: la kiwandani lilisoma digrii 73, hili likasoma 54. Picha ikatumwa Dar, mpwa akashangilia kana kwamba Taifa Stars wamefunga. Lakini hizo digrii 19 nizipeleke wapi? Kadi inapanda juu ya joto la chumba. Kama feni linaiacha ipande digrii 55, chumba cha Dar chenye 30 kinakupa 85, na chumba changu chenye 16 kinakupa 71. Kweli hewa yetu ya mlimani ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo inabeba joto pungufu kidogo, ndiyo maana mimi napata 73. Bado nina akiba ya kutosha. Chipu haipati mafua kwa digrii 80.

Kwenye kelele ndiko nilikokuwa na hamu. Nikawasha programu ya simu ya kupimia desibeli, nikaiweka mezani, mvua ikaanza. Anayeijua Rungwe yetu anaelewa: zipo sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na siku ile nahisi nyingi zilielekezwa kwenye bati langu. Simu ikapima mvua. Feni la kwanza, mvua. Feni la pili, mvua ileile.

Halafu kuna suala la unene. Feni la pembeni linakula nafasi ya kadi tatu, mfuniko wa kompyuta haufungi. Nikauacha wazi. Kumbikumbi walipotoka, wakaifuata taa ya feni, maana siku hizi hata feni lina taa za rangi. Asubuhi nikakuta mabawa yamejipanga katikati ya yale mabamba membamba ya alumini, mengine yamenasa kwenye mirija, na chumba kinanukia kikaango. Nilichokonoa na kijiti cha meno mpaka mgongo ukauma.

Nimelirudisha la kiwandani. Nimefuta pesti ya joto iliyokauka ikawa ungaunga, nimepaka mpya, kisha kwa programu nimelipunguza kasi kwa theluthi. Feni likizunguka nusu ya kasi yake, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, theluthi inanitosha. Kadi inasoma 80, mfuniko umefungwa, bibi harusi anasikika. Mpwa anasema naua kadi. Nimemwambia aje mwezi wa saba na koti, aipime mwenyewe.

Kwa msomaji wa Kyela ambaye kompyuta yake inazima saa nane mchana kwa joto: feni la pembeni lipo, zima, nimeshalitoa mabawa yote. Sitaki hela. Nataka debe la mchele wa Kyela, ule wenyewe, na nauli ya mzigo iwe juu yako. Ila ukiupandisha basi, mkumbushe kondakta mara mbili, usije ukaishia Mbeya.