Taka za Mji Mzima, na Bado Nanunua Povu

Bujumbura ikinunua friji mpya, friji hubaki Rohero na povu lililoifunga huja kwetu Buterere. Ikinunua televisheni, ni yale yale. Malori ya taka yanapita mbele ya nyumba yangu, mzigo umefunikwa nusu. Kiasi kinamwagika njiani, kingine kinafika jalalani, na sisi tunabakiziwa nzi na harufu. Kama kuna Mrundi mwenye haki ya kupata povu la bure, basi ni mimi. Lakini nanunua. Naishi jirani na jalala la mji mzima, na taka nanunua kwa pesa taslimu.

Nieleze povu ni la kazi gani, maana mama watoto ameshaeleza mtaani kwa namna yake. Kuna mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa askari wadogo, dadu na rula. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliutolea kitabu mwaka 1913, Little Wars, naye wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, kwa hiyo wanaosema ni mambo ya watoto wakamuulize yeye. Wenzetu wa Ulaya hununua vifaru vya plastiki vilivyofungwa kwenye boksi, kwa bei ambayo huku unapata mbuzi. Wanaobana pesa kati yao hujitengenezea. Jarida la White Dwarf la Uingereza, katika miaka ya 1980, lilifundisha wasomaji kuunda gari la vita kwa kichupa cha dawa ya kwapa. Huko ndiko kubana matumizi kwao! Kwetu ukionekana na kichupa hicho, watu wanajua umepandishwa cheo.

Mimi sichezi vita vya Ulaya. Tuna vyetu hapa ziwani. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Kongo, halafu zikakokotwa msituni na milimani kwa mashine za mvuke na ng'ombe, na mwishowe zikafika Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba mwaka huo zikaiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ile kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916. Baadaye iliopolewa, na ndiyo hiyo meli inayoitwa Liemba.

Sasa pigeni hesabu. Kipimo changu ni moja kwa sabini na mbili. Mimi ilikuwa na urefu wa kama mita 12, kwa hiyo mezani inatoka sentimita 17, sawasawa na ndala ya mtoto. Unachonga pua kwa wembe, unachomeka njiti ya kiberiti iwe mzinga, mashua tayari. Mashine ya mvuke ni kipande cha povu gumu, bomba la moshi ni kalamu iliyoisha wino, na magurudumu ya nyuma ni vizibo vya bia ya Primus. Tazama kizibo cha Primus kwa makini kabla hujakitupa: yale meno ya pembeni ndiyo meno ya gurudumu la chuma, na ukubwa unakaribia kabisa. Shida ni Götzen. Meli ya mita 70 inatoka karibu mita nzima, na meza yenye mita nzima ya nafasi ni ile tunayolia chakula. Mazungumzo kuhusu jambo hilo yamefungwa, na si mimi niliyeyafunga.

Turudi kwenye povu. Muuzaji wangu ni kijana anayeokota jalalani, na elimu yake ya povu inawazidi wengi waliosoma.

"Mzee, hili ni elfu mbili."

"Elfu mbili kwa taka?"

"Si taka. Ni povu."

"Umelitoa wapi?"

"Jalalani."

"Basi ni taka."

"Likiwa kule ni taka. Likiwa mkononi mwangu ni faranga elfu mbili."

Akalibonyeza kwa ukucha, akanionyesha kwamba halibonyei. Hili gumu halimwagi punje, akasema; lile la televisheni ukilikata linakuwa chembe tupu. Kweli tupu. Lile la televisheni nimelikata sebuleni, na chembe zake zinanasa kwenye jasho la mkono, zinapanda ukutani, zinaingia kwenye wali, na kila ukizifagia zinakimbia mbele ya ufagio. Nililipa elfu mbili. Kijana huyo huyo ana gari lake alilosuka kwa waya, magurudumu ya ndala, usukani mrefu wa kusukumia akiwa amesimama, na linakata kona. Mashine yangu haikati kona. Aliitazama kwa huruma, akaniuliza kama nataka msaada.

Kisha kuna gundi. Muuza gundi aliniapia kwamba ile ya mafundi viatu inashika kila kitu. Kwenye ndala inashika mpaka kiama. Kwenye povu jeupe inaanza kwa kulila, inachimba shimo, halafu ndipo inashika kilichobaki. Rangi ya kupuliza nayo ni ndugu yake: kiyeyushi kilichomo ndani kinaliyeyusha povu mbele ya macho yako. Ni gundi nyeupe ya maseremala tu inayofaa, tena ukilipaka povu lote tabaka moja likakauka, rangi hailigusi. Muuzaji aliyajua hayo yote. Aliniambia baada ya kupokea pesa.

Jirani yangu anacheka: mzee mzima na mizinga ya njiti. Ningependa ajue kwamba Wajerumani walichukua mzinga mkubwa wa Götzen wakaupeleka kupigana nchi kavu, na mahali pake wakaweka wa mti. Huko Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga ya Tanzania, kamanda wa Waingereza Spicer-Simson aliiona ngome mwezi Juni 1916, akaihofia mizinga yake, akageuza mashua. Mizinga ile ilikuwa miti mitupu. Jeshi la majini la mfalme limekimbia magogo yaliyochongwa, halafu mimi ndiye niliyechanganyikiwa?

Tena jirani mwenyewe gari lake limelala foleni ya mafuta, na yeye amelala ndani yake. Langu linatembea inchi sita kila zamu, kwa dadu, bila tone la petroli.

Sasa nina ombi. Mimi imekamilika, lakini Toutou ilikuwa pacha wake, na jalala halijui jozi: kila ndala ninayoletewa ni ya mguu wa kushoto au ni ya mtu mzima. Aliye na ndala ya mtoto ya mguu wa kulia, sentimita 17, isiyo na tundu kisiginoni, namwomba aniletee. Nitalipa, ila tafadhali asipite kwa yule kijana, maana bei itapanda.