Kikao cha Dharura Uani

Uani, Temeke, Dar es Salaam. Masika yamepita, kabati limefunguliwa, na Jaketi la ngozi la dereva wa bodaboda limetolewa nje likiwa limeota ukungu mweupe mabegani. Wajumbe: Sabuni ya Mche, mwenyekiti asiyechaguliwa na mtu, Kanga, yuko kambani, Mkoba, yuko dirishani, na Mbuzi, amefungwa kwenye mwarobaini.

SABUNI: Ajenda ni moja. Jaketi alowekwe usiku kucha, afikichwe, akamuliwe, aanikwe juani. Maoni yatapokelewa baada ya utekelezaji.

JAKETI: Mheshimiwa, mimi silowekwi. Nimevaliwa Italia.

KANGA: Mwanangu, Italia gani? Si umetoka kwenye belo pale Karume, umelaliana na masidiria?

JAKETI: Nimetiwa dawa ya kromiamu, bibi. Ufundi wenye hataza tangu 1884, Marekani, kwa jina la Augustus Schultz!

SABUNI: Schultz alete kitambulisho. Uani hapa hakuna upendeleo. Kanga analowekwa, shuka linalowekwa, soksi ndiyo usiseme.

MBUZI: Samahani, Mwenyekiti. Huyo ni ndugu yangu.

JAKETI: Sina ndugu wa kufungwa kamba. Mimi ni kondoo.

MBUZI: Ahaa! Ndiyo maana ulichinjwa majirani wasisikie. Lakini nisikilizeni. Ngozi yangu inajipaka mafuta yenyewe, usiku na mchana, bila kudai posho. Yake imekatiwa huduma. Kiwandani walimnyonyoa, wakamtia dawa, kisha wakamrudishia mafuta ili nyuzi zake ziteleze. Sasa Mwenyekiti, kazi yako wewe ni nini hasa?

SABUNI: Kuondoa mafuta. (Kimya.) Lakini naondoa kwa haki!

MBUZI: Ukishayaondoa, akikauka, nyuzi zinagandana. Bosi akikunja kiwiko, mkono unapasuka.

SABUNI: Basi aongezewe maji ya moto.

KANGA: We! Hujaona ngozi ikitiwa sufuriani inavyojikunyata? Bosi ataamka na kizibao.

MKOBA: Mbona mimi nasuguliwa kila Jumamosi na sijambo?

KANGA: Wewe ni plastiki iliyobandikwa kwenye kitambaa, mama.

MKOBA: Ngozi halisi! Imeandikwa kwenye lebo, soma!

(Lebo inadondoka, pamoja na kipande kikubwa cha ngozi halisi. Mwandishi wa muhtasari huu ameiona mikoba mingi ya ukoo huo, na yote ina lebo.)

KANGA: Tuendelee. Ukungu ufutwe kwanza mkavu, kwa brashi laini, na ufutwe hapa nje, usije ukahamia kwenye makochi. Halafu siki na maji, nusu kwa nusu, kwenye kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoshe tone. Kijaribiwe kwanza ndani ya pindo, pasipoonekana. Rangi ikitoka, tuache, aende kwa fundi wa ngozi.

SABUNI: Na jua?

KANGA: Kivulini, penye upepo, kwenye hanga pana. Mimi naning'inizwa kwa vibanio. Yeye vitamwachia makovu. Akishakauka apakwe mafuta ya ngozi, kidogo tu.

MAFUTA YA ALIZETI (jikoni): Nipo!

MBUZI: Wewe unachacha.

DAWA YA VIATU (mlangoni): Na mimi je?

KANGA: Kaa huko huko. Ukipakwa wewe, kila abiria anayemshika bosi kiunoni atashuka na viganja vyeusi.

SABUNI: Kwa hiyo mwenyekiti mzima sina jukumu?

KANGA: Una bitana. Jasho la kwapani limelala humo tangu Januari. Lakini ni povu tu, kwa kitambaa, maji yasipenye hadi kwenye ngozi.

SABUNI: Povu tu? Mimi, mche mzima?

KANGA: Povu tu, baba.

SABUNI: Basi iandikwe kwamba Mwenyekiti, kwa busara zake, amependekeza povu.

(Mbuzi amevuta kamba hadi mwisho na kuifikia kola.)

JAKETI: Ndugu yangu! Unafanya nini?

MBUZI: Ah, leo umekumbuka undugu? Nalamba jasho. Lina chumvi nzuri.

JAKETI: Mwenyekiti! Naliwa! Mwenyekiti!

SABUNI: Malalamiko yaletwe kwa maandishi.