Kisu cha Shemeji

Shemeji aliponiambia amenunua kisu cha porini, nilitegemea kuonyeshwa kisu. Alichochomoa kwenye ala kilikuwa karakana nzima: bapa refu kama rula ya mwanafunzi, meno ya msumeno mgongoni, na dira kwenye kitako cha mpini. Ukiifungua ile dira unakuta mpini mtupu, umejazwa njiti za kiberiti, ndoano na uzi wa kuvulia.

"Humu kuna kila kitu," akasema.

Kilichokosekana humo ni chuma. Bapa la kisu kisichokunjwa linatakiwa liingie ndani kabisa ya mpini, ikiwezekana lifike mwisho. Mpini ukiwa mtupu, bapa hushikwa na kipande kifupi na nati moja. Lawama zangu nazipeleka kwa Rambo wa sinema, aliyewafanya watu wapende visu vya namna hii. Lakini kisu chake cha filamu ya mwaka 1982 kilitengenezwa na Jimmy Lile, fundi mahiri wa Marekani. Cha shemeji kilitoka Kariakoo, kikiwa kwenye nailoni.

Tukapanda milima ya Uluguru. Kwenye bodaboda ala ilimdunga dereva mbavuni hadi akaomba nauli iongezwe. Huko juu shemeji akatazama dira, na kaskazini ikawa kila anakoelekea yeye. Chuma cha bapa kilikuwa kinavuta mshale. Jioni akaweka kisu juu ya gogo ili apasue kuni, akakigonga mgongoni kwa rungu. Meno yakalitafuna rungu. Akagonga tena kwa hasira: bapa likabaki kwenye gogo, mpini ukaruka, ndoano zikatua kwenye sufuria ya maharage.

Usiku ule tulikula polepole sana.

Mwenyeji wetu, kijana wa Kiluguru, hakusema neno. Alichukua panga lake, limenolewa miaka hadi limekonda, akatupasulia kuni.

Mtu akiniuliza mimi, bapa la sentimita 10 au 12 linatosha, unene milimita 3 au 4, mgongo usio na meno. Chuma cha kaboni kinanoleka kirahisi, ila kinataka kufutwa na kupakwa mafuta; mtu wa pwani, au mvivu, achukue kisichoshika kutu. Vingi vya visu vya Mora, vya kule Sweden, chuma chake hakifiki mwisho wa mpini na bado vinadumu. Walau mipini yake haikugeuzwa stoo.

Shemeji hakunisikiliza, ushauri wa bure haujawahi kumwingia. Tuliporudi Morogoro mjini alikwenda kwa mhunzi kuagiza kisu cha springi ya gari, maana aliwahi kusikia kwamba sime za Wamaasai hufuliwa kwa springi chakavu.

"Unataka ya Land Rover au ya Hiace?" mhunzi akamuuliza.

"Ipi ngumu?"

"Chukua ya Hiace, mzee. Hiyo imeshabeba abiria wa daladala."

Akalipa malipo ya awali palepale, kisha akauliza kama mpini unaweza kuwekwa dira.