Sifa za Waya Uliofungwa Vibaya

Washairi wa pwani wameusifu mnazi, wamelisifu jahazi, na tumbaku ya Tabora haijawahi kukosa mtetezi. Waya uliofungwa vibaya unaambulia matusi tu. Mwenye nyumba anautukana taa ikikataa kuwaka, mpangaji anautukana LUKU ikiisha kabla ya siku yake, na fundi wa pili, kwa desturi ya kazi yake, hapandi ngazi kabla ya kumlaani fundi wa kwanza. Nasema matusi hayo ni utovu wa shukrani. Katika mitaa mikongwe kama Ng'ambo ya Tabora, waya mbovu umefanya kazi iliyozishinda shule nyingi: umemzoeza mtu wa kawaida kutokuamini anachoonyeshwa mpaka akipime.

Tazama jinsi nyumba ya mtaa wa namna hiyo inavyokua. Inaanza na vyumba vichache, kinaongezwa cha uani, mbele inatolewa fremu ya duka, mtoto wa kiume akioa anapewa banda lake nyuma. Mita inabaki ile ile moja. Kila chumba kipya kinaungwa kwenye chumba kilichokitangulia, soketi inachotwa kwenye waya wa taa, na kiungo kinasokotwa kwa vidole, kinavingirishwa tepu nyeusi na kuachwa juu ya dari, wanakokiona panya peke yao. Mchoro haupo. Zipo rangi, nazo ndizo zinazonifurahisha zaidi. Kwa utaratibu wa zamani tulioupokea kwa Waingereza, waya mwekundu ulikuwa wa moto, mweusi nyutro, na kijani ethi. Utaratibu mpya, ambao Uingereza yenyewe ilianza kuufuata majumbani mwaka 2004, unataka kahawia iwe ya moto, buluu iwe nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kiwe ethi. Kwenye umeme wa njia tatu mambo yanapinduka kabisa, kwa kuwa mweusi uliokuwa nyutro sasa ni njia ya moto, na buluu iliyokuwa njia ya moto sasa ni nyutro. Nyumba iliyojengwa kwa miaka thelathini inaweza kuwa na taratibu zote mbili ndani ya ukuta mmoja, na kati yake ukapita waya wa rangi yoyote iliyobaki dukani siku hiyo. Anayefungua swichi ya namna hiyo anajua papo hapo kwamba rangi ni neno la aliyemtangulia, na maneno ya waliotangulia huhakikiwa kwa testa.

Hata testa nayo haiaminiki bila kufikiri, na hapo ndipo waya mbovu unapopandisha darasa. Taa imezima na feni haizunguki. Unachomeka testa kwenye tundu la moto la soketi, inawaka, vizuri. Unaihamishia kwenye tundu la nyutro, nayo inawaka vile vile. Asiyejua atasema umeme umezidi nyumbani. Kilichotokea ni kinyume chake: nyutro imekatika mahali fulani kabla ya hapo, na moto umepita ndani ya balbu au feni iliyoachwa ikiwa imewashwa, ukatokea upande wa pili na kukosa njia ya kurudi. Yaani waya usioonyesha kazi yoyote ndio ulio tayari kukurusha. Au chukua kosa linalopendwa kuliko yote, la kuweka swichi kwenye nyutro badala ya kwenye waya wa moto. Taa inawaka na kuzimika kama kawaida, kila mtu ameridhika, kumbe holda ina moto mchana na usiku. Balbu za zamani ziliificha siri hiyo. Za LED, ambazo huhitaji umeme kiduchu mno, huenda zikabaki zikimulika hafifu gizani baada ya kuzimwa. Wapo watakaotafuta mkono wa mtu. Aliyefundwa na waya mbovu ataanza na swichi, ingawa atakumbuka pia kwamba nyaya ndefu zilizolala sambamba zinaweza kuleta mwanga kama huo hata pale swichi ilipo sawa. Kuwa na dhana mbili na kuzijaribu zote kabla ya kuhukumu, hilo si jambo dogo.

Mbinu yenyewe ya kutafuta kosa si ngeni katika njia ya kale ya misafara ya Tabora. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, alikuta misafara ikiongozwa na mtu wa mbele ambaye, wakifika njia panda, aliziziba njia zisizofaa kwa matawi au mstari uliochorwa chini, ili wapagazi wa nyuma wasipotee. Fundi mzuri hufanya hivyo hivyo: anakata umeme, anatenga nusu ya nyumba, anapima, anaifunga nusu iliyo safi na kuifuata yenye kosa, hadi abakiwe na kipande cha waya kisichozidi upana wa chumba.

Msomaji aliyesoma ufundi atanikatiza hapa na kusema kwamba mchoro mmoja ungemaliza taabu yote hiyo. Nampa mfano wa mbali. Mashine za kuchezea kipira na vigongo zilizotengenezwa Chicago na Gottlieb, Bally na Williams kabla ya kompyuta ndogo kuziingia mwishoni mwa miaka ya 1970 zilihesabu pointi kwa koili, rilei na mota inayozungusha vidato vya kufungua na kufunga swichi. Michoro yake ipo. Lakini mchoro unaeleza alichofanya fundi wa kiwandani. Hauelezi alichofanya mtu wa baa fulani miaka ishirini baadaye, aliporuka fyuzi kwa kipande cha waya ili wateja waendelee kutumbukiza sarafu. Anayeikarabati leo anausoma mchoro kwa jicho moja, na kwa la pili anaangalia palipolehemiwa kwa mkono mwingine. Mchoro ni ahadi, na hakuna mwenye nyumba wala mwenye baa asiyejua hatima ya ahadi.

Wengine watasema kwamba kazi ingefanywa vizuri tangu mwanzo, na mtu mwenye leseni ya EWURA badala ya kishoka, haja ya elimu hii yote isingekuwepo. Kweli kabisa, na ndiyo hasara ninayoililia. Nyumba iliyofungwa sawasawa humfanya mkazi wake mjinga wa raha mustarehe: anabonyeza, panawaka, basi. Mwenzake wa chumba kilichoungwa ovyo anajua kwamba taa ikififia kila pasi ikichomekwa, huenda kuna kiungo kilicholegea. Na akiuliza zaidi ataambiwa kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye kiungo hicho linaongezeka mara nne. Nani kati ya hao wawili amesoma fizikia?

Linabaki pingamizi la mwisho, nalo sitalikwepa kwa mzaha: waya mbovu unaua na unachoma nyumba. Kwa hiyo sifa zangu zina mpaka. Zinauhusu waya unaosema. Taa inayofifia, balbu inayomulika, soketi inayonuka plastiki, breka inayokatika kila jioni, hizo zote zimetoa taarifa, na mwenye masikio amesikia. Yapo makosa mawili yasiyosema. La kwanza ni fyuzi iliyotiwa waya mnene ili isikatike tena. Hapo nyaya zote zilizo ukutani ndizo zimefanywa fyuzi, na hazitakatika mahali pa kuchagua. La pili ni baya zaidi, nalo ni ethi isiyokuwepo. Ikikosekana, hakuna kinachoacha kufanya kazi. Friji inagandisha, pasi inanyoosha, LUKU inahesabu kama kawaida, hadi siku waya wa moto ugusane na bati la friji na mtu alishike. Hata nondo iliyochimbiwa ardhini inaweza kudanganya: udongo uliokauka hupitisha umeme kwa shida, na Tabora hukaa bila mvua ya maana tangu Mei hadi Oktoba, kwa hiyo kipimo kizuri cha Februari si hakikisho la Septemba. Testa haionyeshi upungufu huo, wala macho hayauoni. Unahitaji kipimo maalumu cha ethi, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na fundi wa kulipwa kwa kazi ambayo mwenye nyumba hataona tofauti yake hata kidogo. Kwa waya huo sina hata ubeti mmoja.