Skurubu ya Nne

Tochi yenyewe ni ya mama mkwe, ndogo ya kutia mfukoni, ya kuchaji, na kazi yake kubwa ni kumulika banda la kuku usiku kicheche akija. Hapa Manyoni tochi ya namna hiyo si pambo. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasafirishwa mpaka Dar es Salaam, na tetea mmoja akibebwa na kicheche, hilo ni daftari la mtoto limekwenda. Kwa hiyo ilipozima, baba watoto aliichukua mkononi mwa mama yake, akaigeuza, akaona skurubu nne mgongoni.

"Hii kazi ya dakika mbili, mama."

Mwanamke aliyeolewa akisikia dakika mbili huanza kuficha vyombo. Kabla sijafika jikoni, mwenzangu alikuwa ameshakaa kwenye mkeka chini ya mwarobaini na kisu changu cha kukatia mlenda.

Skurubu ya kwanza ilitoka bila maneno. Ya pili ikalalamika, ikatoka nayo. Ya tatu ikavunja ncha ya kisu, na kisu nacho kikala kichwa cha skurubu: palipokuwa na msalaba pakabaki kishimo cha mviringo, kisichoshikwa na chochote. Alipoinama kutafuta ile ncha, tetea mweusi wa mama mkwe akapita, akadonoa mkeka mara moja, akaendelea na safari zake.

"Baba, kameza," akasema kitinda mimba.

Kweli, skurubu zilizokuwa mbili zilikuwa moja. Baba watoto alitaka tetea achinjwe saa ile ile. Mama mkwe akamwuliza kama skurubu hutaga mayai. Shauri likaishia hapo.

Jumapili akaja shemeji kutoka Itigi. Shemeji amesoma ufundi, na alikuja na mkoba wa bisibisi na maelezo yaliyozidi mkoba. Alitueleza kwamba skurubu za nyota zilienezwa na Mmarekani Henry Phillips wa Oregon, aliyepata hataza mwaka 1936. Kwamba viwanda vya magari vilizipenda kwa sababu bisibisi hujiweka katikati yenyewe. Lakini ukizungusha kwa nguvu bila kukandamiza, ncha hupanda, huteleza, na kila inapoteleza inasaga kichwa. Tena nyota zina saizi zake, na bisibisi iliyopungua saizi huharibu kama isiyofaa kabisa.

"Na kisu, kaka, si saizi yoyote."

Neno hilo lilimkera baba watoto, maana lilikuwa kweli. Kuhusu tetea, shemeji alituliza nyoyo. Karne ya 18 mtaalamu wa Kiitaliano, Lazzaro Spallanzani, alimlisha bata mzinga kidonge cha risasi kilichochomekwa sindano. Ndege hakudhurika, sindano ndizo zilizovunjika, kwa jinsi firigisi inavyosaga. Mama mkwe aliupokea ushahidi huo kwa furaha, akataka kujua kama Mtaliano huyo bado yu hai.

Lakini maelezo hayafungui tochi. Ya tatu haikushikika, na ya nne ilikuwa na kutu. Kutu, Manyoni! Hapa hewa ni kavu hata kitenge kikianikwa asubuhi, mchana kimekakamaa. Kutu ile haikutoka nje. Kibetri kilikuwa kimevuja asidi, ikajipenyeza mpaka kwenye skurubu. Mama mkwe akaleta mafuta ya alizeti, na ndani ya Mkoa wa Singida hakuna mtu mwenye ubavu wa kubishana na alizeti. Yakamiminwa. Tochi ikawekwa dirishani siku kadhaa, mafuta yakapigwa na hewa na vumbi, yakaganda yakawa gundi. Mafuta ya kula ndivyo yalivyo. Ya taa ni mepesi, yangepenya. Lakini nani angemwambia mama?

Mwishowe tukaipeleka kwa fundi mwenye kibanda karibu na stesheni ya reli. Mama mkwe aliandamana nasi kulinda mali yake. "Mbukwa, mama," fundi akamwamkia, akaipokea tochi bila kutuuliza habari ndefu. Akaifuta. Akadondosha mafuta ya taa. Kisha akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakilaza juu ya ile skurubu iliyoliwa, akasimamisha bisibisi pale na kuilalia kwa uzito wa kifua chake chote. Mkono ulizunguka pole pole sana. Nguvu yote ilikuwa ya kusukuma. Skurubu ikaanza kufuata. Ya nne aliipasha moto kwa ncha ya bisibisi iliyotoka kwenye mkaa, mpaka plastiki iliyoishika ikalegea, ikatoka na harufu mbaya.

Baba watoto akanyoosha mkono afungue mwenyewe. Haikufunguka. Fundi akapitisha kidole gumba juu ya lebo, kikazama mahali. Akaikwangua: skurubu ya tano. Wa kwangu akageuka kutazama reli.

Ndani, waya mwekundu ulikuwa umeliwa na asidi ukachomoka. Akausafisha, akaubana kwa tone la risasi, akabadilisha kibetri, tochi ikawaka. Gharama ilikuwa ndogo, ila fundi alisema sehemu yake ni ya kukwangua alizeti.

Tochi ikarudi nyumbani na tundu moja tupu mgongoni. Tetea akaendelea kutaga, halafu akaacha. Shemeji alipokuja tena, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyetoa ruhusa. Nilipopasua firigisi, katikati ya changarawe na ile ngozi ya njano, ilikuwemo: inang'aa, hesi zimelainika, kichwa chake kizima kabisa.

Firigisi kwetu ni ya baba. Nikaitenga kwenye sahani, na skurubu pembeni. Baba watoto akaiacha nyama, akaiosha skurubu, akaomba bisibisi ya mdogo wake.

Mama mkwe akaivuta tochi upande wake, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Kula kwanza," akasema, "na ukishakula, uende ukalale."